Mzee wa Mkesha: Mwalimu Eliaichi Elinaza Swai, 1966–2025

Ndugu waombolezaji, mie ni Hope, mtoto wa pili wa marehemu. Sauti ikitetemeka mnivumilie. Si kilio tu, ni woga, na nitausema ukifika mahali pake.

Mwalimu Eliaichi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Machame, Kilimanjaro, mtoto wa nne wa Mzee Elinaza na Mama Aikande. Babu alisifika kijijini kwa kulinda kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, usiku kucha; mwizi hakupata hata mkungu mmoja wa ndizi. Alifariki viungo vikimcheza, watu wakasema ni mbege. Babu hakuwa mnywaji.

Marehemu alisoma shule ya msingi hukohuko Machame, akamaliza sekondari Moshi mwaka 1984, kisha akasomea ualimu. Mwaka 1987 alipangiwa Dar es Salaam, akafundisha hesabu hapa Kimara hadi 2018. Wengi mliopo chini ya turubai hili mlijulia kugawanya kwake.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Atuganile Mwakalinga, fundi cherehani kutoka Tukuyu. Mama alizoea kumtania kwamba alidhani anaolewa na mwalimu, kumbe kaolewa na mlinzi.

Maana mwaka 2010 usingizi ulimkimbia baba. Mama alipoeleza kanisani, watu walifurahi wakasema Mwalimu kapewa karama ya maombi. Akafanywa kiongozi wa mkesha wa Ijumaa, akaitwa Mzee wa Mkesha. Sie watoto tulijivuna sana. Mwenyewe aliwahi kumwambia mama, "Mama Brightson, mie siombi. Nimekosa usingizi tu." Mama akamjibu, "Basi si uombe, maadamu umeukosa."

Mchana usingizi ulimfuata darasani. Siku moja alisinzia na chaki mkononi, na watoto wa darasa la tano wakakubaliana kunyamaza ili Mwalimu apumzike. Kimya chao ndicho kilichomwamsha. Alikihofia kimya cha darasa la tano kuliko kelele zake.

Baadaye akawa anarusha mikono na miguu kitandani mpaka mama akahamia kwenye kochi. Tukasema anapigana na shetani, tukaongeza maombi. Mwaka 2021 daktari alimpima damu, akatuita wote. Alisema ni ugonjwa wa Huntington: unaharibu ubongo polepole, unarithiwa, na usingizi unaweza kuvurugika miaka mingi kabla mwili haujaanza kucheza. Kwa kila mtoto, alisema, ni kama kurusha shilingi. Tuko watatu.

Baba alifikia kushindwa kumeza, akapata homa ya mapafu, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 10 Juni 2025.

Ameacha mjane, watoto watatu, Brightson, Hope na Isack, na wajukuu wawili.

Sasa woga wangu. Jana mzee wa kanisa alisimama hapa akatangaza kwamba mkesha umepata mrithi, maana Brightson hajafumba macho tangu msiba uanze. Mkaitikia amina. Mie nilikuwa jikoni, na wifi yangu, mke wa Brightson, akaniambia taratibu, "Wifi, si msiba huu. Tangu mwaka jana halali." Nilimwambia kaka twende tukapime, akasema, "Nikijua ndo sitalala kabisa." Simlaumu. Na mie usingizi wangu siku hizi ni wa kuokoteza, na sijui kama ni msiba au ni urithi. Naogopa jamani. Jumatatu nakwenda kupima, na kaka akitaka nitampitia.

Kwa hiyo familia inawaomba jambo moja. Brightson msimpe huo uongozi. Mkimwona yuko macho, msimsifu. Mwambieni aende hospitali. Tuombeeni mchana, na usiku mtuache tujaribu kulala.

Mwalimu Eliaichi, zamu yako ya kukesha imekwisha. Lala, baba, kwa amani.