Shangazi wa Banda la Kuku na Mkwe Wake wa Chuma

Leo ni Jumanne, tarehe kumi na mbili Novemba. Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Shangazi wa banda la kuku anastaafu. Mwalimu wa lugha amenipa jukumu la kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida la shule, akanikumbusha kwamba mstaafu husifiwa. Shangazi naye ameniambia kwamba nikimsifu tupu, karatasi yangu ataifungia mayai. Kwa hiyo naahidi kusema yote, mazuri na yale mengine.

Shangazi hakuanzia kwa kuku. Aliajiriwa jikoni kuosha masufuria. Mwaka wake wa kwanza haukwisha kabla hajamwambia mpishi, mbele ya wanafunzi waliopanga foleni, kwamba maharage yake yanahitaji kuombewa. Mpishi alikwenda kulalamika, na Shangazi akapelekwa bandani ili ashike adabu. Adabu haikushikwa. Kilichoshikwa ni banda.

Siku hizo vifaa vya usafi vilikuwa vya kuazima: koleo la mtunza bustani, reki ya mtunza bustani, na kipande cha bati cha kukwangulia. Mtunza bustani alivitoa kwa masharti kama mtu anayeozesha binti. Koleo likipatikana, reki haipo. Reki ikirudi, koleo liko kwenye mchicha. Shangazi alipochoka kubembeleza, aliokota chuma cha kitanda kilichovunjika bwenini akakipeleka kwa fundi wa kuchomelea, ng'ambo ya barabara. Alitaka upande mmoja uwe bapa pana lenye makali, la kukwangua kinyesi kilichoganda. Upande wa pili alitaka meno ya kugeuzia maranda, na kwenye ncha ya mpini kulabu ya kunyanyulia vyombo vya maji bila kuinama. Fundi alicheka. "Mama, hili ni jembe zima, au jembe limerukwa na akili?"

"Wewe choma," Shangazi akamjibu. "Kutoa majina niachie mimi."

Jina alilolitoa ni Mkwe, kwa sababu mkwe haazimwi, na wala mtu hamtanii.

Wote tuliopita bandani kwa zamu tumeuonja ulimi wa Shangazi. Msichana aliyeingia ameziba pua aliambiwa, "Pua unaiziba, lakini yai asubuhi ulilipanulia mdomo." Kijana aliyefagia katikati na kuacha kona aliulizwa kama nyumbani kwao huoga kitovu peke yake. Kiranja mmoja alikuja na viatu vya kung'aa. Shangazi alimtazama kuanzia chini hadi juu, akamwambia akae nje awe kioo, kuku wapate pa kujitazamia. Tulichukia, kisha tukaanza kusimuliana bwenini, na asiyetukanwa akajiona amesahauliwa.

Hata hivyo, dharau yake kubwa kuliko zote aliiweka akiba kwa mtunza stoo wetu. Mwaka jana mtunza stoo alinunua kifaa kipya cha kazi nyingi, kilichokuja kwenye boksi lenye picha ya mwanamke anayetabasamu bandani na buti jeupe. Mpini wake unavutwa na kurudishwa, na mbele yake hufungwa, kwa skrubu ya plastiki, ama brashi, ama kijikoleo, ama kikwanguo. Tumefundishwa kusema ukweli kwa adabu, kwa hiyo nasema kwa adabu kwamba kifaa kile ni takataka. Kikwanguo kilipinda kilipokutana na kinyesi cha chini ya vichanja, pale kuku wanapolala. Kijikoleo kiliweza kubeba kinyesi cha kuku mmoja, tena awe hajashiba. Brashi walijichukulia kuku wenyewe, unywele mmoja baada ya mwingine. Shangazi alikigeuza huku na huku, akauliza, "Kuna kazi yoyote humu, au zote zilibaki kwenye boksi?"

Mtunza stoo hakukubali. Alisema tatizo si kifaa, ni mikono, akaja mwenyewe kutuonyesha. Sasa hapa msomaji aelewe utaratibu wa Shangazi. Kabla ya kuingia, humgongesha Mkwe kwenye fremu ya mlango, taratibu, kisha husubiri sauti za ndani zitulie. Kuku wa mayai wakishtushwa hukimbilia kona moja na kupandiana, na wa chini hukosa hewa. Mtunza stoo hakugonga. Alisukuma mlango, akavuta ule mpini ukalia kama bunduki ya mtoto, na kundi zima likajirundika konani. Tulipomaliza kuwaondoa, mmoja alikuwa amekufa. Shangazi hakupaza sauti. Alimnyanyua yule kuku kwa miguu, akamkabidhi mtunza stoo, akamwambia, "Chukua, mzee. Huyu ndiye aliyekielewa kifaa chako." Tangu siku hiyo kifaa kinaning'inia ofisini kwa mtunza stoo, kisafi kabisa.

Nimeahidi kusema yote, basi na hili nalisema. Kuna wakati mtunza bustani alikuwa akimchukua Mkwe kwa siri kugeuzia mbolea yake. Shangazi, ili amnase, alimpaka Mkwe rangi nyekundu, kuanzia mpini hadi meno, aonekane hata kutoka getini. Kuku akiona chekundu hudhani ni kidonda na hukidonoa, jambo ambalo Shangazi mwenyewe hutufundisha siku ya kwanza ya zamu. Asubuhi iliyofuata aliingia, na kuku wote wakamwandama Mkwe, wakimdonoa kutoka kona hadi kona, asiweze kukwangua hata mahali pa kuweka mguu. Mtunza bustani alisimama kwenye uzio ameshika mbavu. "Shangazi, mkweo leo kapata wachumba!" Shangazi alitoka, akakaa kwenye ndoo, akaikwangua rangi yote kwa kisu. Jibu lake kwa mtunza bustani lilikuja siku ya pili na haliwezi kuchapishwa katika jarida la shule.

Mafanikio yake ni mengi. Bweni halijawahi kukosa mayai ya Jumapili. Bustani inapata mbolea, ingawa mtunza bustani hajawahi kusema asante. Ugonjwa wa kideri ulipopita mtaani na kufagia mabanda ya majirani, kuku wetu walibaki wamesimama. Daktari wa mifugo alisema ni chanjo yake, Shangazi akasema ni kukwangua kwake, na kila mmoja akabaki na lake.

Sasa nafika kwenye jambo linalotunyima raha. Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba shule haitaajiri mtu mwingine. Amekubali banda liendeshwe na kundi la wanafunzi, kwa sharti moja: Shangazi mwenyewe ataje mwanafunzi wa kuliongoza na amkabidhi ufunguo na Mkwe. Jina lisipopatikana hadi Ijumaa mchana, kuku watauzwa na banda litakuwa la kuwekea madawati mabovu. Mtunza stoo ameshakuja na futi yake kupima kuta, na alikuwa anapiga mluzi.

Shangazi hajataja mtu. Wakubwa watatu wa zamu wameitwa mbele yake. Wa kwanza aliambiwa ana mikono ya bibi harusi, wa pili kwamba anaongea kuliko kuku, na wa tatu alitazamwa tu mpaka akaondoka mwenyewe. Mwalimu Mkuu alipomuuliza tena jana alijibu, "Bado natafuta mtu, mmeniletea watoto."

Mimi ninayeandika sijaitwa, kwa kuwa niko kidato cha pili. Wiki iliyopita nilikwangua chini ya vichanja peke yangu. Shangazi aliinama, akachungulia hadi ukutani, akapitisha kidole sakafuni. Kisha akasema, "Afadhali," akaenda kumgombeza jogoo. Nimewauliza waliotangulia, hata waliokwisha kuhitimu. Hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo.

Kwa niaba ya wanafunzi, walimu, na hata wale uliowanyoosha kwa maneno, tunakushukuru, Shangazi. Twakuombea pumziko jema, magoti yasiyouma, usingizi usiokatizwa na jogoo wa mtu, na majirani wenye moyo wa kuvumilia kusemwa.

Nakala hii haitapitia ofisini. Nitaileta mwenyewe bandani kesho baada ya vipindi, na nitasubiri nje ya mlango mpaka uimalize, ili nirudi na jibu kwa Mwalimu Mkuu. Nimefundishwa kwamba si adabu kujitaja, lakini Ijumaa ni karibu na kuku hawawezi kujisemea. Shangazi, naweza kuwa mimi?