Jibu la Uvimbe Lililokaa Miezi Minne

Ndugu zangu, nimesimama hapa nikiwa na hasira, na sitaificha.

Wengi hamjui kazi yangu. Mgonjwa akitolewa uvimbe kwenye ubongo, kipande huletwa kwangu nikiangalie kwa darubini, niseme ni saratani au si saratani. Bila jibu hilo, matibabu hukwama.

Kule hospitalini nilikokuwa nimeajiriwa, kipande cha mzee mmoja kiliachwa bila dawa ya kukihifadhi hadi kikaoza. Mkubwa wangu akaniambia, "Andika chochote kinachokaribia. Nani atajua?" Nikakataa. Wiki iliyofuata nikafutwa kazi, eti mimi ni mkaidi.

Nawaambia, nilianguka. Nilihama nyumba yangu ya Muthangari nikaenda kukaa kwa dadangu mtaani Ngara, nikalewa kila siku. Alipochoka kunibembeleza, akanipeleka saluni yake Kenyatta Market niwaoshe wateja nywele. Msinicheke. Nilienda.

Siku moja nikimwosha mama mmoja, vidole vyangu viligusa kovu refu nyuma ya sikio. Nikamuuliza alipasuliwa lini. Akasema ni miezi minne, na kila akienda anaambiwa majibu bado. Hospitali ilikuwa ile ile yangu.

"Daktari wa kusoma hizo vitu alifutwa," akasema. "Watoto nishawapeleka kwa dada zangu. Nataka tu kujua nimebakisha muda gani."

Nikafunga maji. Miezi minne yote nilikuwa nikijihurumia, na huyu alikuwa akijiandaa kufa!

Nikamwambia mimi ndiye daktari huyo, na kwamba kipande kile ni chake, ana haki ya kukiomba. Kesho yake tukaenda pamoja. Walitukalisha hadi saa tisa. Mwishowe fundi mmoja wa maabara akakitoa kabatini bila kungoja ruhusa ya mkubwa, kizima, hakuna aliyewahi kukitazama. Rafiki yangu mwenye maabara ndogo Ngara akanipa darubini yake.

Haikuwa saratani.

Nilimpigia simu, nikamwambia. Akasema, "Wacha nikalete watoto wangu."

Sasa nafanya kazi kwenye maabara hiyo ya Ngara. Pombe haikuniacha kwa siku moja. Nyinyi akina mama mlioketi hapa mlikuja kukaa nami Jumamosi baada ya Jumamosi ili nisirudie chupa, nami nawashukuru. Namshukuru dadangu, na fundi yule aliyehatarisha mkate wake.

Mkubwa wangu bado yuko kwenye kiti chake. Sijamsamehe, na leo sitawadanganya kwamba nimemsamehe. Lakini nyinyi, mkiambiwa majibu bado, msiseme asante mkarudi nyumbani. Kaeni pale pale. Ulizeni ni nani anayeyasoma.