Usingizi wa Sindano

Jua lilikuwa limeshalegea, na mvuke wa kahawa ulipita juu ya benchi taratibu, kana kwamba nao unasinzia. Sheria ya kijiwe ni moja: mwenye shida, kikombe chake hakikauki. Jioni hiyo mwenye shida alikuwa Sindano, fundi cherehani, mwenye ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Zikipanda, usingizi humtoroka, naye hushona bila breki. Mara ya mwisho aliishia wodini. Sasa usingizi ulikuwa umeanza tena kumponyoka, na aliogopa.

— Kwa hiyo kwa huyo mshauri wa hospitali unaenda kupiga soga tu? — Kinyozi aliuliza, akimjazia.

— Dawa ziko palepale. Yeye ananifundisha kulala. Niamke saa ileile kila siku. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kuwazia.

— Kulala nako kunasomewa? — Mlinzi alishangaa. — Mimi sijasoma, na lindoni nakoroma.

— Ndiyo hapo sasa, — Kinyozi alidakia. — Usingizi wa mtaa huu ni mmoja, tunagawana. Wewe umebeba fungu la mwenzako.

— Acha uzushi, Kinyozi, — alisema Mlinzi. — Sindano anaushonea kwenye nguo za watu. Suruali hii aliyonishonea, nikishaivaa tu, miayo.

Sindano alicheka. Kwa kitambo aliuona usingizi wake ukizurura mtaani, umevaa suruali za watu, unabisha hodi kwa kila jirani, kwake unapita tu. Alitamani kuufuata. Alitamani pia kunyamaza, maana alijua wanamngoja yule Sindano mwingine, wa hadithi zisizokatika.

— Siku zile kabla ya wodi ulikuwa mtamu, bwana, — Kinyozi alisema, akimjazia tena. — Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Dada mkubwa wa Sindano alikuwa amekuja kumchukua. Walimsogezea nafasi, hakukaa.

— Hizo siku mlizokuwa mnacheka, — aliuliza, — mdogo wangu alikuwa analala?

Kinyozi aliinua birika amjazie Sindano tena. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza.

Sindano alikifunika kikombe chake kwa kiganja.

— Niulizeni basi.

Kinyozi aliliweka birika chini.

— Jana ulilala, ndugu yangu?

— Kidogo tu, — alisema Sindano.

— Haya. Kesho nitakuuliza tena.