Moto wa Urani na Michikichi ya Fabiano

Sogeeni karibu, wanangu, sauti niliyobaki nayo ni ya kuazima. Scovia, kaa hapa kichwani pangu. Na wewe Clever, hilo bidoni la petroli ulilolificha nyuma ya mlango lilete nilione. Usinikodolee macho! Baba yenu anakufa, lakini pua yake bado nzima.

Najua unataka kuichoma michikichi ya baba yako mdogo Fabiano. Yake tangu lini? Aliipanda baba yetu hapa Rumonge, vita vikaja mimi nikakimbilia Tanzania, Fabiano akabaki, na niliporudi nimewashika ninyi mkono, ndugu wa tumbo moja alisimama mlangoni akaniuliza, "Wewe ni mtu wa nani?" Neno hilo limenila ini kuliko ugonjwa huu.

Lakini kabla hujawasha kibiriti, sikiliza habari za moto. Mwalimu Mardochée, yule wa fizikia kutoka Uvira, alinieleza jinsi madini ya urani yanavyotoa umeme, na mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa kabla hajamaliza ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, kwenye sahani. Akasema, "Protasi, ungesoma wewe, tusingelala gizani." Haya, hakusema, lakini uso wake ulisema.

Ni kama pipa letu la kuchemshia chikichi, ila chini hakuna kuni, kuna urani. Chembe moja, ndogo kuliko vumbi, hugonga kiini cha urani, nacho hupasuka, hutoa joto na kutema chembe nyingine mbili tatu, ambazo nazo huenda kuwapasua majirani. Joto huchemsha maji, mvuke husukuma gurudumu, gurudumu huzungusha mtambo, mji mzima ukawaka taa. Ndiyo hayo tu wenye diploma wanayotutishia!

Ila moto huo haujui kushiba. Hushushiwa fimbo za kumeza chembe, ili kila mpasuko uzae mmoja tu, usizae ukoo. Fimbo zikikosekana na maji yakakauka, jiko hujiyeyusha lenyewe. Choma miti ya Fabiano, wanawe watachoma kinu chetu cha mawese, nawe utachoma nyumba zao, na wajukuu wangu watapasuana bila kumjua aliyeanza.

Kwa hiyo kinu namwachia Scovia. Nuna, Clever, nuna! Dada yako alitukanwa na mke wa Fabiano sokoni, mbele ya wauza ndagala wote, akameza, akaendelea kupima mafuta. Wewe utalisha pipa. Yeye ndiye atakayesema basi.

Maji, Scovia mama... Asante.

Msidhani nimemsamehe. Mchungaji alikuja kunibembeleza, nikamgeukia ukuta. Michikichi hata ikirudi kesho, lile swali la mlangoni halirudi kinywani mwake. Mardochée alisema urani iliyokwisha kazi huendelea kuwa na moto miaka na miaka. Huizamisha majini ipoe, kisha huifukia chini sana, mahali mjukuu asipofika na jembe. Basi chuki yangu ndiyo hiyo. Si urithi wenu. Niliilea mwenyewe, nakwenda nayo.

Fabiano akija msibani, mpeni kiti, mpeni chakula. Jeneza langu asilishike.

Mikono yenu iko wapi? Siioni... Mbarikiwe, mzae, mzeeke... Mungu awaangazie... Na kaburi, Clever, chimba wewe mwenyewe. Likifika kifuani, usitoke... endelea... chimba.