Viazi Vilivyopewa Posho

Benchi la Asani, muuza kahawa wa Musonoi, lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia hawajawahi kukubaliana hata juu ya iwapo mvua inanyesha au la. Asubuhi ile alikuwepo Kalombo, karani wa ghala la posho, aliyebandikwa jina la Enjenia kwa kujua kila kitu. Pembeni yake Omer, fundi wa mashine, aliyeitwa Kuku, kwa kuwa tangu mvua za kwanza alizoa mavi ya kuku nyumba kwa nyumba ili kurutubisha viazi vyake vitamu. Kila wiki, siku ya kugawa posho mgodini, naye aligawia viazi posho yao ya mavi. Masikini Omer. Mkewe, Fidélie, yuko kwao Lubudi, na mama mkwe ametuma neno: mwanangu atarudi nikiona bwana huyu anaweza kuweka chakula ndani. Leo mama anashuka na treni. Alfajiri Omer amechimba tuta zima, majani tele mpaka mlangoni, akakuta mizizi myembamba kama kamba za viatu.

— Mi naona ni vumbi ya mine, akasema Asani. Bilazi bilikosa pumuzi.

— Vumbi gani? akadakia Kalombo. Bilikimbia. Mavi ya kuku iko moto. Bilifuata reli chini kwa chini, saa hii biko ku mine ya Kisenge, binakula manganeze.

— Tata Kalombo, bibi yangu harudi, na weye unanipeleka Kisenge.

Kalombo akamwonea huruma, akatua kikombe.

— Basi sikia. Jani inapika sukari na moto ya jua. Mavi ikiwa kidogo, sukari inashuka chini, inakuwa akiba. Lakini weye uliizidisha. Nani anaweka stock, na posho inakuya kila wiki? Sukari yote ikaenda kujenga majani.

— Kilazi inajuaka namna gani? akauliza Omer. Haina kichwa.

— Muzizi inaonja mavi, jani inaonja sukari. Binapashana habari.

— Na téléphone?

— Ni famille, jamaa moja, tata. Banajuana.

— Sasa tukimwanga sukari ku mizizi? akauliza Asani, na Omer akalitazama kopo la sukari kwa matumaini kabisa.

Sauti ikatoka nyuma yao.

— Jambo yenu, ba tata.

Mama Adolphine, mama mkwe mwenyewe, kikapu kichwani. Shambani alikuwa ameshapita. Wote wakainuka, Omer akatazama chini, kama impasavyo mkwe.

— Nimesikia yote, mama akasema. Kilazi ikipata posho kila wiki, haiweki kitu. Ni vile?

— Ni vile, mama, akajibu Kalombo, amefurahi kueleweka.

— Na weye Omer, posho yako inakuyaka kila wiki. Uliweka nini?

Omer akamtazama Kalombo. Kalombo akamtazama Asani. Asani akainamisha birika juu ya vikombe, lisitoke hata tone. Mama Adolphine akatua kikapu, akaketi kwenye benchi, akangoja.