Mzee Idarus Ghalib na Watu Wasiokuwamo Ramanini

Ifikapo tarehe 30 Septemba 1949, Mzee Idarus Ghalib atarudisha mnyororo wa kupimia ardhi alioukokota kwa miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya upimaji. Alianzia Changamwe, akapima Kisauni, kisha Likoni. Viatu alivivaa siku za Idi na siku za kuitwa na mkubwa tu. Miiba, alisema, imekwisha kumzoea.

Baada ya vita, vyumba vya kisiwani havikutosha tena, na vibarua wa bandarini wakahamia ng'ambo ya maji. Mwaka 1946 tuliagizwa kupanga njia ya basi Likoni. Mimi ndiye niliyechora ramani: kutoka feri, basi lielekee kwenye nyumba za wakubwa ufuoni. Upande wa Shika Adabu, Likoni ya ndani, niliandika "mashamba".

Mzee Idarus aliitazama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu Lewa, katika mashamba haya jana niliitikia salamu mpaka koo likanikauka."

Mkubwa hakukubali kubadili kitu bila vipimo. Mzee Idarus akaomba likizo yake ya mwaka, akaenda kupima, akifuatana na Nyevu, mkunga aliyejua kila mlango wa huko. Katika nyumba ya kumi na tisa walimkuta Ruwa, kuli wa bandarini. Mkewe, Kahaso, alishikwa na uchungu wa kuzaa wiki tatu nyuma, akafia njiani, akichukuliwa kwa kitanda cha kamba kwenda feri. Mzee Idarus alipotaka kuandika jina la marehemu, Ruwa alimzuia.

"Jina lake nalijua mwenyewe. Wewe andika umbali."

Wakapima tangu mlangoni pake hadi feri, Ruwa mwenyewe akishika ncha ya pili ya mnyororo. Maili tatu na robo. Vipimo hivyo, pamoja na orodha ya nyumba mia nne na kumi na mbili, vikawekwa mezani pa mkubwa, nami nikaamriwa kuchora upya.

Basi la kwanza lilifika Shika Adabu Machi 1948. Alasiri ile Ruwa alikuja ofisini, akasimama mlangoni.

"Limefika, mzee."

"Alhamdulillahi," akajibu Mzee Idarus. "Lakini limechelewa."

Wakapeana mikono, na ilichukua muda kabla hawajaachana.

Kisauni na Changamwe bado wako maelfu wanaotembea, na kazi hiyo anatuachia sisi. Ahsante, mzee wetu. Pumzika na mkeo Bi Tima na wajukuu. Mungu akujaalie afya na umri, na baraza yako isipungukiwe na wageni.