Futa Ile Picha

MSUSI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Dada, ni mimi. Simu ya mteja hii, yangu imepasuka—

MSUSI: Mdogo wangu! Shikamoo umeisahau wapi?

FUNDI: Shikamoo, dada. Sikiliza—

MSUSI: Marahaba. Umeingia mtandaoni leo, pale Uwanjani? Nikibandika picha za rasta hakuna hata wa kunisalimia, lakini ya leo! Maelfu wameisambaza! Nina mteja hapa nusu kichwa nimemwacha, nasoma tu—

FUNDI: Ifute.

MSUSI: [mtandao unakwaruza] Nini? Sikupati.

FUNDI: Futa ile picha. Ya mzee na mtoto anayelia.

MSUSI: Nifute? Mwizi wa watoto yule! Nimemwona kwa macho yangu, dirishani hapa saluni, anamburuta mtoto wa watu—

FUNDI: Mjukuu wake. Alikuwa anampeleka kung'olewa jino.

MSUSI: Nani kakwambia?

FUNDI: Mtoto mwenyewe. Wako hapa karakanani, wamekimbilia kwangu. Mzee taya limevunjika, wamempiga tofali. Ni fundi saa wa pale kona, dada. Aliyetengeneza saa ya mama.

MSUSI: Hapana. Hapana, yule wangu alivaa miwani myeusi—

FUNDI: Ametibiwa macho juzi.

MSUSI: Ee Mungu. Mtoto je?

FUNDI: Nimemficha kwenye tangi la maji ninalolichomelea. [kishindo] Umesikia? Geti hilo. Wanalipiga kwa nguzo.

MSUSI: Kina nani?

FUNDI: Wafuasi wako. Muuza mkaa yuko mbele, na nondo. Juzi tu nimemchomelea jiko.

MSUSI: Polisi—

FUNDI: Wanasema wako njiani. Futa, dada.

MSUSI: Nafuta, nafuta, mikono yenyewe ina mafuta ya nywele... Haya. Imetoka. Wanaondoka?

FUNDI: Ngoja nichungulie. [kelele] Wametulia. Wanatazama simu zao.

MSUSI: Afadhali.

FUNDI: La. La, dada. Kuna mmoja anapayuka, "Imefutwa! Wamemhonga!"

MSUSI: Sijahongwa na mtu!

FUNDI: Nakala kila mmoja anayo. Iliyopotea ni yako tu. Sasa wanasema na mimi nimo. [kishindo] Wanaagiza petroli.

MSUSI: Niandike kwamba nilikosea? Maneno machache tu—

FUNDI: Nani atasoma? Wewe ulimuuliza nani kabla ya kubandika?

MSUSI: Nifanye nini basi?

FUNDI: Ingia mubashara. Uso wako wauone, sauti yako waisikie.

MSUSI: Wakinigeukia mimi? Saluni yangu ya mbao hii. Kila mtu anaijua.

FUNDI: Najua.

MSUSI: Uwanja ulikuwa wa kuuzia viatu, jamani! Wa kutakiana heri ya harusi! Lini watu wame—

FUNDI: Dada. Mtoto ameanza kulia. Anamwita babu yake. Tangi linavuma kama ngoma.

MSUSI: Mnyamazishe!

FUNDI: Wamesikia. Wanasema, "Anachinjwa! Anachinjwa!" [vyuma vinapasuka] Bawaba ya juu imetoka. Mzee ameshika nyundo yangu, haoni hata ampige nani.

MSUSI: Nikiingia mubashara lazima nikate simu.

FUNDI: Kata.

MSUSI: Nitajuaje kama mmepona?

FUNDI: Nje wote wameinua simu. Utatuona Uwanjani.

MSUSI: Usiseme hivyo! Usi... Ngoja. Jina lake nani? Wakisikia jina watamkumbuka. Mimi siku zote nimemwita fundi saa tu.

FUNDI: Mzee! Jina lako! [mkoromo] Hawezi, dada. Mdomo umejaa damu.

MSUSI: Sasa nimtaje nani?

FUNDI: Babu. Sema yule ni babu wa yule mtoto, na aliyewaambia kwamba ni mwizi ni wewe. Harufu ya petroli imeshaingia, dada, wahi—

MSUSI: Mteja! Mama, samahani, nywele baadaye. Shika hii simu, iinue hapa usoni pangu. Usiishushe. Mdogo wangu, uko?

FUNDI: Nipo.

MSUSI: Nakata.